Sogea Tukae, na Nyumba Je?

Nyumba ya Songea hujengwa kwa misimu. Mahindi yakiuzwa, iwe kwa wachuuzi au kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, msingi unainuka. Msimu unaofuata tanuru la matofali linawashwa. Lenta inasubiri mwaka mwingine, na bati huja mwisho, mara nyingi kwa mkopo wa kikoba. Pita Lizaboni au Bombambili utazikuta nyumba ambazo watu wameshahamia huku chumba kimoja hakijapigwa plasta. Kazi hiyo hula miaka, na miaka hiyo hiyo baadhi ya wenye nyumba wanaishi bila ndoa, kwa mtindo ambao mtaani huitwa sogea tukae.

Wakiachana, swali la kwanza mahakamani haligusi tofali hata moja. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, watu wakiwahesabu kuwa mume na mke, watadhaniwa kuwa wameoana, mpaka ushahidi uonyeshe vingine. Basi wanaoitwa ni majirani. Mlikuwa mnamwitaje huyu, mama nani? Alipelekwa kwa wakwe? Mahari ilijadiliwa? Aliyekuja kudai sehemu yake ya bati anajikuta anatetea heshima yake kwanza, na mwenzake, ambaye jana alimwita mke wangu, leo anaapa kwamba alikuwa mpangaji tu.

Kwa maoni yangu swali hilo linachosha watu bure, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishaonyesha njia ya kulipita. Katika shauri la Hemed Tamim na Renata Mashayo, lililochapishwa katika taarifa za sheria za 1994, dhana ya ndoa ilianguka. Hata hivyo mahakama ikasema kifungu hicho hicho kinairuhusu kutoa amri kama zile za baada ya talaka, ikiwemo kugawa nyumba iliyopatikana wakati wawili hao wakiishi pamoja. Nashangaa jinsi uamuzi huo usivyojulikana vijiweni, ambako bado unasikia kwamba asiye na cheti hana chake.

Kugawa nako kuna kipimo chake. Kifungu cha 114 kinahesabu mchango wa fedha, wa mali na wa kazi. Je, kupika na kulea ni kazi? Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walijibu kwamba ndiyo. Watu hupenda kuishia hapo. Wanasahau kwamba Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu, kwa sababu mahakama iliona ameshatumia ovyo fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia. Mlango aliufungua yeye, wakapita wengine.

Kwa Waislamu, nao ni wengi mjini hapa, hesabu inaanzia kwingine. Ndoa yenyewe haichanganyi mali: chake ni chake na changu ni changu, hata kwa waliofunga nikahi. Kwa mkondo huo, wawili waliojenga pamoja ni washirika katika mali, na kila mmoja anatafuta risiti zake.

Kenya imekaribia kufika hapo hapo kwa barabara ya kizungu. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua shauri la watu wawili, waliotajwa kwa herufi tu, walioanza kuishi pamoja mwaka 1986. Mali ilikuwa Dagoretti, kwa jina la mwanamke, na mdai alikuwa mwanamume. Majaji walikataa dhana ya ndoa kwa kuwa mwanamke alikuwa bado na ndoa nyingine. Lakini walisema mwanamke huyo aliishika mali hiyo kama amana kwa ajili ya wote wawili, wakampa yeye asilimia 70 na mwanamume 30. Uingereza nako, ambako wengi huamini kimakosa kwamba kukaa pamoja miaka mingi huzaa ndoa, mwaka 2007 majaji wa juu kabisa walimpa mwanamke asiyeolewa asilimia 65 ya nyumba iliyoandikwa majina yote mawili, kwa kuwa ndiye aliyetoa fedha nyingi zaidi.

Sasa rudi Ruvuma. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie pia mila za jamii ya wahusika, na mkoa huu hauna mila moja. Kwa Wangoni ukoo hufuata baba, na kwa desturi mwanamke ndiye aliyefungasha. Tunduru, kwa Wayao wa jadi, ukoo hufuata mama: mwanamume ndiye aliyehamia ukweni, akajenga kwenye ardhi ya ndugu wa mke, na penzi likiisha ndiye aliyeondoka. Msichukue mtu wa Dagoretti na asilimia zake 30 mkamsimamisha mbele ya wazee wale wa Tunduru. Wangemwuliza amefika pale na nini, kisha wangemwonyesha shoka lake na nguo zake.