Nakala Moja ya Kasri ya Mwinyi Fuad

Nakala ninayoizungumzia ni ya chapa ya zamani ya Tanzania Publishing House. Jalada limeachana na kurasa, na mgongo umeshonwa upya kwa uzi mweupe. Niliinunua Dar es Salaam kwenye meza ya muuza vitabu vikuukuu, nikaja nayo London. Tangu hapo imekwenda Maskati na kurudi, imekaa miezi kadhaa nyumbani kwa mzee mmoja wa Kizanzibari mashariki ya London, na mwisho imefika mikononi mwa binti wa miaka 22 aliyezaliwa hapa hapa Uingereza. Kila aliyeipokea nilimwomba jambo moja tu: aandike kwa penseli pembezoni mwa ukurasa pale anapokubaliana na kitabu na pale anapokikataa.

Riwaya hii ya Adam Shafi ilitoka mwaka 1978, miaka 14 baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ni habari ya mwinyi mwenye mashamba, ya watu wanaomtumikia kasrini na mashambani, na ya Mapinduzi ya Januari 1964 yanayompindua bwana na kumwinua mtumishi. Mwaka uliofuata mwandishi alitoa Kuli, inayohusu wachukuzi wa bandarini na mgomo wa 1948. Vyote viwili ni vitabu vya zama zake, zama za Ujamaa, mchapishaji akiwa shirika la umma na fasihi ikitarajiwa isimame upande wa mnyonge. Lakini msomaji wa leo hawezi kulisahau jambo jingine. Adam Shafi mwenyewe alitiwa kizuizini baada ya Mzee Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, na mwaka 2003 akatoa Haini, riwaya ya watu walio kifungoni. Kwa hiyo aliyekichapisha Kasri mwaka 1978 alikwisha kuiona serikali ya Mapinduzi kutoka ndani ya gereza lake. Hata hivyo hakuna gereza hilo katika kitabu. Wako wanaouita huo uoga. Mimi naona kila riwaya huchagua deni inalotaka kulilipa kwanza.

Msomaji wa kwanza alikuwa shangazi yangu, aliyeondoka Unguja mwaka 1964 akiwa msichana wa miaka 17. Alipita Mombasa, akaishi Dubai, na baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwafungulia mlango wenye asili ya Oman waliokuwa nje, akahamia Maskati. Rafu yake ya vitabu inajulikana kwa yeyote aliyewahi kuzitembelea nyumba za Wazanzibari wa kule: Zanzibar: Kinyang'anyiro na Utumwa cha Issa bin Nasser Al-Ismaily, kilichotoka mwaka 1999, na Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! cha Harith Ghassany, cha mwaka 2010. Kasri hakuwa amekisoma kamwe. Alikuwa amekisikia tu, kama mtu anavyosikia kwamba amesengenywa.

Penseli yake ni ya mkono mzito. "Si kweli" imeandikwa mara nyingi hadi nikaacha kuhesabu. Penye maelezo ya jumba la Fuad ameandika: "Kasri gani? Yetu ilikuwa ikivuja." Na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, kwamba shamba la baba yake lilikuwa rehani kwa mkopeshaji wa mjini tangu yeye hajazaliwa. Penye mateso ya watumishi ameandika kwamba utumwa uliondoshwa kabla baba yake hajaletwa duniani. Alifika karibu na nusu ya kitabu, akakirudisha.

Msomaji wa pili alizaliwa ndani ya shamba la mtu mwingine. Wazazi wake walikuwa wale walioitwa wakaazi wa shamba. Hakuandika mengi. Lakini mahali pengi palipo na "si kweli" ya shangazi yangu, chini yake yapo maneno mawili kwa mkono mwembamba wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa wino: "Kweli tupu."

Hapa nilikosea. Nilizipiga picha kurasa hizo nikampelekea shangazi kwa simu, nikidhani atafurahi kuona kwamba amesomwa. Alinijibu kwamba nimempa mgeni maneno aliyoyaandika kwa mtoto wa kaka yake. Tulikaa miezi miwili bila kuzungumza.

Nani basi aliyekuwa na haki? Kwa tarehe, shangazi. Amri ya kuufuta utumwa ilitolewa Unguja mwezi Aprili 1897, na masuria, walioachwa nje ya amri hiyo, wakaingizwa mwaka 1909. Mwinyi wa miaka ya 1950 hakuwa na watumwa kisheria. Wala hakuwa lazima tajiri: madeni ya wenye mashamba ya mikarafuu yaliisumbua serikali ya kikoloni kwa miongo kadhaa, na katika miaka ya 1930 zilitungwa sheria mahsusi kwa ajili yake. Nyumba inayovuja chini ya jina kubwa ilikuwa jambo la kawaida kuliko kasri.

Lakini amri ya 1897 ilimfungua mtu bila kumpa ardhi. Mtumwa alitakiwa aende mahakamani kuudai uhuru wake, bwana ndiye aliyelipwa fidia, na aliyeachwa huru mara nyingi alibaki palepale kama mkaazi. Alipalilia chini ya mikarafuu, naye akaruhusiwa kupanda muhogo na viazi vyake, mradi asipande mti wa kudumu, kwa sababu mti hugeuka kuwa dai. Mpango huo ulidumu kwa mazoea, na mazoea yalivunjika pale siasa ilipoingia. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957 wakaazi wengi walifukuzwa mashambani kwa ajili ya chama walichokiunga mkono. Mzee wangu alikuwa mtoto wakati huo. Anakumbuka mama yake aking'oa muhogo ambao haujakomaa, kwa sababu walipewa siku chache waondoke. Kwake yeye, neno ambalo sheria ililiondoa lilikuwa bado linaishi katika mwenendo wa watu.

Adam Shafi amezikunja zama hizi mbili pamoja. Amechukua ukatili wa karne ya 19 akaupa mavazi ya miaka ya mwisho ya usultani. Mwanahistoria atamsahihisha, na atafanya haki. Ila kosa hilo la tarehe ndilo linalomfanya mkaazi wa 1957 ajione kitabuni, na ndilo linalomfanya binti wa mwenye shamba la rehani ajione ameshitakiwa kwa makosa ya babu wa babu yake.

Nilidhani hapo ndipo ugomvi wao ungeishia, kila mmoja na upande wake. Ndipo nilipozirudia kurasa za Kijakazi. Kijakazi ni mtumishi wa Fuad, anayempenda bwana wake ingawa anapigwa na kutukanwa, na ambaye hata Mapinduzi yakishafika moyo wake unachelewa kumwacha. Kuhusu mwanamke huyu wasomaji wangu wawili wamekubaliana kwamba mwandishi amekosea. Shangazi ameandika: "Yule wetu alitupenda kwa sababu tulimpenda." Mzee ameandika: "Mama hakumpenda hata mmoja. Alikuwa akijua kuuficha uso." Mmoja anaukataa mpigo, mwingine anaukataa upendo. Hakuna aliyetaka vyote viwili viwe ndani ya moyo mmoja, na kitabu kinasema vilikuwemo. Kwa maoni yangu hapa ndipo Adam Shafi alipoikiuka siasa ya wakati wake, maana shujaa wa kimapinduzi hakutarajiwa ampende mnyonyaji wake kiasi hicho.

Hata wafasiri hawakukisoma kitabu kimoja. Tafsiri ya Kifaransa inaitwa Les girofliers de Zanzibar, yaani mikarafuu ya Zanzibar. Ya Kijerumani ni Die Sklaverei der Gewürze, utumwa wa viungo. Kwa Kiswahili tumepewa nyumba ya mtu, kwa Kifaransa mti, kwa Kijerumani mfumo. Shangazi, nilipomweleza haya baada ya kupatana, alisema angekisoma chote kama kingeitwa kwa jina la mti.

Mzee naye ana ukurasa wake alioukataa, na ni mmoja tu: mwishoni, penye matumaini ya maisha mapya. Familia yake ilipewa ekari tatu katika mgao uliofuata Mapinduzi. Alichoahidiwa na kitabu alikipata. Hata hivyo mwaka 1971 alivuka kwenda bara usiku, kwa ngarawa, bila ruhusa, na mpaka leo hajanieleza sababu. Pembezoni ameandika mwaka tu, "1971", kisha alama ya kuuliza. Yeye na shangazi wanaishi ughaibuni wote wawili, mmoja kwa kupoteza shamba, mwingine baada ya kulipata.

Binti yule wa miaka 22 anasoma Kiswahili polepole, kidole juu ya mstari, na kwa sababu hiyo huona yanayotupita sisi wenye haraka. Hakuandika si kweli wala kweli tupu. Aliuliza, penye ukurasa wa mwanzo anapotajwa mtumishi yule: "Jina lake hasa nani?" Nilimjibu kwamba anaitwa Kijakazi. Akasema kamusi yake inaeleza kijakazi kuwa ni mtumwa wa kike, na kwamba hilo ni kazi, si jina.

Niseme kwa haki kwamba Unguja wako wanawake waliopewa jina hilo na wazazi wao wenyewe, kama wengine walivyoitwa kwa siku waliyozaliwa. Lakini swali lake halikunitoka. Watu wawili walioteta juu ya mwanamke mmoja kwa penseli, kutoka Maskati hadi London, hawakusimama kwenye jina lake, wala mimi niliyewasoma wote wawili.

Nilimpigia shangazi nikamuuliza yule wao aliitwa nani. Alinitajia jina walilomwita watoto. Nikauliza la kwao, alilopewa na mama yake. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema atamuuliza kaka yake aliyebaki Unguja, kwani yeye alikuwa mkubwa na huenda anakumbuka. Wiki iliyofuata alinitaka nimrudishie kitabu, asome nusu iliyobaki. Nimekifunga kwa karatasi ya kahawia, na safari hii nimezifuta kwanza alama zangu mwenyewe, nikaziacha zao.