MIKOKO YA GAZI NA BIASHARA YA HEWA

Kamati imenipa mimi, mwenyekiti wenu, kazi ya kuandika historia ya mikoko katika kijitabu hiki. Habari za sanduku mweka hazina atawaeleza. Mimi shule yangu ni ya msingi tu, lakini matope ya Gazi nayajua, na wengi wenu, wanachama na wafadhili wetu wa hapa nyumbani, mmekuwa mkiuliza: hiyo hewa inauzwaje, na pesa zake huenda wapi? Basi tuanze mbali kidogo.

Watu wa nje wakisikia Gazi humkumbuka Sheikh Mbaruk bin Rashid aliyepigana na Waingereza mwaka 1895. Hiyo ni sifa yetu, sawa, lakini kilichotulisha ni mikoko. Nyumba zetu zimesimama kwa boriti, mazio, pau na fito. Majahazi yalibeba boriti za pwani hii mpaka Arabuni, hadi serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Hata hivyo fito za nyumba hazikuumaliza msitu. Miaka ya 1970 ulikatwa kuni za viwandani, za kuchomea chokaa na matofali, na sehemu nyingine zikafyekwa zote pasibakie hata mti mama mmoja.

Sasa mkoko, dada zangu, una tabia yake. Mbegu huota ikiwa bado juu mtini, inaning'inia ndefu kama ganda la mlonge, halafu inaanguka matopeni na kusimama. Mti mama akiondoka na mchanga ukafunika tope, mbegu iletwayo na maji haishiki, inapita tu. Ndivyo pakabaki viwanja vitupu, mwaka baada ya mwaka, na wavuvi wakalalamika, maana kamba na samaki wadogo hulelewa kwenye mizizi ile.

Mwaka 1991 watu wa taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari, KMFRI, na miongoni mwao Dkt. James Kairo, walianza kupanda tena hapa pamoja na wanakijiji. Kazi yenyewe haina siri: unaokota mbegu iliyokomaa, unangoja maji yatoke, unaichomeka topeni, unapiga hatua moja, unachomeka nyingine. Lakini matope yanafika magotini na maji hayakungoji umalize. Tangu upandaji huo wa 1991 mpaka mradi wa hewa uanze ilipita miaka zaidi ya 20. Anayewaambia kuwa miti ni pesa ya haraka, mwulizeni hesabu hiyo kwanza. Na katikati hapo akina mama hawakukaa bure, walijengewa njia ya mbao ndani ya mikoko na wageni wakawa wanalipa kupita.

Haya, hewa. Moshi wa viwanda na magari una hewa ya ukaa inayoongeza joto duniani. Mti huivuta na kuifanya mwili wake. Kwa mkoko ajabu iko chini: tope halipitishi hewa, kwa hiyo mizizi na majani hayaozi upesi, na sehemu kubwa ya ukaa imelala humo. Ukikata mti na tope likavurugika, inatoka. Ikipimwa tani moja imezuiwa, inaandikwa hati moja, na mtu wa mbali anayetaka kufidia moshi wake anainunua.

Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013, wa vijiji viwili, Gazi na Makongeni, juu ya hekta 117, kwa miaka 20. Msitu wenyewe ni wa serikali, lakini sheria ya misitu ya 2005 ilifungua mlango wa jamii kushiriki kuutunza. Hesabu ni kama tani 3,000 kwa mwaka, chini ya kanuni za Plan Vivo zinazotaka angalau asilimia 60 ya mapato ifike kwa jamii. Hati huuzwa kupitia shirika la hisani la huko Scotland.

Mwanzoni mapato yalikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka. Mtu akisikia dola anaruka! Zigawanye kwa watu wote wa vijiji viwili, kila mtu atapata unga wa siku chache, basi. Kwa hiyo hazikugawanywa. Zilijadiliwa barazani, zikaingia kwenye maji ya mfereji na vitabu vya shule. Mimi nasifu hilo baraza kuliko bei yenyewe. Sisi tuliozoea sanduku la kufuli tatu tunajua kwa nini ufunguo haukai kwa mtu mmoja. Mwaka 2017 mradi ulipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na kufikia mwaka 2020 wenzetu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu walikuwa na mradi wao, hekta 460.

Ugumu nao upo, tusifichane. Msitu ukilindwa, mwenye kutafuta kuni ni mama. Ndiyo maana ilibidi ipandwe mivinje ya kuni na ya kujengea, maana ukimkataza mama mkoko lazima umwambie atapikia nini.

Sasa wako watu wanapita vijijini na makaratasi ya kaboni. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka mkataba na jamii ulioandikishwa, na kwa miradi ya ardhini jamii ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Kabla ya kuweka dole gumba ulizeni: ni miaka mingapi? Nani anashika daftari? Miti ikifa hasara ya nani?

Miaka 20 ya Gazi inatimia 2033, na mengi yatazungumzwa upya. Mpaka sasa sisi wengi tunajua kupanda, kupima hatujui. Kwa hiyo nimeomba ajenda moja kikao kijacho: tuchague mabinti wawili, tuwalipie nauli kutoka mfuko wa jamii, wakajifunze kupima shina la mkoko kwa utepe na kuandika wenyewe.