Kadi ya Kliniki na Dawa ya Kusahau

Leo twazungumzia dimensia, ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, na jinsi wataalamu walivyojifunza kupima dawa zake.

Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza ugonjwa wa mama mmoja aliyepotewa na kumbukumbu. Dawa ya kwanza ya ugonjwa huo, takrini, iliruhusiwa Marekani mwaka 1993. Iliweza kudhuru ini, na wagonjwa wengi waliiacha kabla ya majaribio kwisha.

Je, aliyeacha atahesabiwa vipi? Zamani ilikuwa desturi kuchukua alama zake za mwisho na kuzinakili hadi mwisho wa jaribio. Sasa shika kadi ya kliniki ya mtoto. Alipimwa Machi, hakurudi tena. Nesi aandike Desemba uzani ule ule wa Machi? La! Kwa dimensia kosa ni baya zaidi, maana alama za mgonjwa hushuka kadiri muda unavyopita. Ukinakili za mapema, aliyeacha ataonekana hajashuka. Hivyo dawa inayowatoa watu kwa madhara yake huenda ikaonekana yawalinda akili.

Mwaka 2010 jopo la wataalamu Marekani lilionya juu ya desturi hiyo. Siku hizi hutumiwa zaidi hesabu inayosoma vipimo vyote vya kila mgonjwa, kama nesi asomavyo mstari mzima wa kadi, si nukta moja. Lakini nayo hukisia kwamba walioacha wangeendelea kama wenzao wanaofanana nao. Kwa hivyo lililo bora ni kuwafuata wagonjwa wasipotee.

Majirani zetu wa Hai, Kilimanjaro, walionyesha kwamba yawezekana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wazee 34 wenye dimensia waliandikishwa kwa mazoezi ya akili ya vikundi, vikao 14, bila dawa. Waliomaliza ni 33, na uwezo wao wa kufikiri ulionyesha nafuu.

Basi mama, ukiuziwa dawa ya kuponya kusahau, uliza: walianza wangapi, wakamaliza wangapi? Hadi leo hakuna dawa inayoponya dimensia. Bibi akianza kusahau, mpeleke kituo cha afya, kwani kusahau kwingine huletwa na maradhi yanayotibika. Na akipewa tarehe ya kurudi, mrudishe.

Kwaheri, hadi kipindi kijacho.