Kinanda

Juzi, hapa Kampala, nilitazama tena Out of Africa, filamu ya mapenzi ya 1985 kuhusu Kenya ya kikoloni. Ndege inapopaa juu ya nyika, fidla za okestra ya mtunzi John Barry hupanda taratibu hadi kifua kinajaa. Muziki huo ulimpatia Oscar.

Katika okestra kama hiyo, piano tuiiteje? Mimi nasema kinanda. Zamani, pwani, kinanda kilikuwa ala ya nyuzi. Baadaye jina likahamia kwenye ala za vibao kama piano. Waganda nao walifanya vivyo hivyo: ennanga, kinubi cha nyuzi nane cha ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, sasa ni kinanda cha kanisani pia.

Watunzi wetu, liandikeni neno kinanda.