Shairi Kwenye Kioo: Kishikwambi, Kindle na Umbo la Ubeti

Walimu wa fasihi wanapozungumzia vitabu vya kielektroniki, aghalabu huuliza swali moja: kifaa kipi ni bora, kishikwambi au kile kifaa cha kusomea vitabu pekee ambacho wengi wetu tunakijua kwa jina la Kindle? Huulizwa kana kwamba ni suala la bei na betri tu. Makala haya yanalitazama kwa jicho la historia. Tunashikilia kwamba umbo la ubeti wa Kiswahili liliwahi kubadilishwa na chombo kilichoubeba, na kwamba mabadiliko ya aina hiyo yanatokea tena mbele ya macho yetu.

Tuanze na utenzi. Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na Mwengo wa Athumani wa Pate, hutajwa kwa mwaka wa 1728. Tendi za wakati huo ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na katika miswada mingi ubeti mzima ulikaa kwenye mstari mmoja: vipande vinne, kutoka kulia kwenda kushoto, vikitenganishwa kwa alama ndogo. Kwa mpangilio huo, kina cha mwisho wa ubeti, kile kisichobadilika tangu mwanzo wa utungo hadi tamati, kilisimama ukingoni mwa ukurasa upande wa kushoto kama safu ya nguzo. Msomaji alikiona kabla hata hajakisikia.

Wazungu walipoanza kuzinukuu tendi kwa hati za Kirumi, na baadaye wachapishaji walipozipiga chapa, kila kipande kilipewa mstari wake. Ubeti uliolala ukasimamishwa wima. Ndiyo sababu leo tunawafunza wanafunzi kwamba utenzi una mishororo minne katika kila ubeti na kipande kimoja katika kila mshororo. Fasili hiyo ni halali na mtahini huikubali. Hata hivyo, mwalimu hana budi kujua kwamba ni fasili ya karatasi iliyopigwa chapa. Mnakili wa Pate angetuuliza kwa nini tumemkatakata ubeti wake.

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka wa 1840, yalipitia safari kama hiyo. Yalihifadhiwa vichwani mwa watu, W. E. Taylor akayakusanya kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, na William Hichens akayatoa kama diwani mwaka wa 1940. Karatasi za Taylor ziko SOAS mjini London, ambako sehemu kubwa ya miswada ya Kiswahili imepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu picha ya mswada si kitu ambacho kila kifaa kinaweza kuionyesha vizuri.

Vifaa vyenyewe ni vya juzi tu. Kampuni ya E Ink ilianzishwa Marekani mwaka wa 1997. Wino wake ni vijipovu vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi. Umeme huzisukuma chembe hizo juu au chini, kisha hutulia hapo bila kuhitaji umeme tena hadi ukurasa ugeuzwe. Kioo hicho hakitoi mwanga wake chenyewe, bali huakisi mwanga uliopo, kama karatasi. Sony walikiuza katika kifaa chao nchini Japani mwaka wa 2004, na Amazon wakatoa Kindle Novemba 2007. Aprili 2010 Apple wakaleta iPad, ambayo kioo chake huangaza kama cha simu na hufanya kila kitu. Neno kishikwambi kwa vifaa vya namna hii lilizoeleka zaidi nchini Tanzania baada ya sensa ya Agosti 2022, wakati makarani walipovitumia, na baadaye serikali ikawapa walimu vifaa hivyo.

Afrika ilijaribu njia zote mbili. Shirika la Worldreader lilianza na Kindle nchini Ghana mwaka wa 2010, na kuanzia 2014 likazipeleka katika maktaba za umma na za jamii magharibi mwa Kenya. Watoto walisoma, lakini kioo cha wino huo ni chepesi kuvunjika: katika majaribio ya kwanza ya Ghana takriban asilimia 40 ya vifaa viliharibika. Baadaye shirika hilo likaelekeza nguvu zake kwenye simu. Serikali ya Kenya nayo iliahidi tarakilishi kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka wa 2013, na kuanzia 2016 ikasambaza zaidi ya vifaa milioni moja, vingi vikiwa vishikwambi. Kampuni ya eKitabu, iliyoanzishwa mwaka wa 2012, iliuza vitabu vya shule kupitia programu ya simu, kishikwambi na tarakilishi. Kwa ufupi, Kenya iliegemea upande wa kioo kinachong'aa.

Je, uamuzi huo ulikuwa sahihi? Mwalimu wa Nairobi anaweza kulipima swali hili katika Soko la Kenyatta, karibu na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na mtaa wa Golf Course. Watu huja hapa kwa nyama choma na kwa ususi. Mteja anayesukwa vitunguu vidogo hukaa kitini saa nyingi, kichwa kikiwa mikononi mwa wasusi wawili au watatu, huku mikono yake mwenyewe haina kazi. Hakuna darasa litakalompa mwanafunzi wa kidato cha tatu saa nne mfululizo za kusoma Nguu za Jadi. Kiti cha msusi humpa. Lakini aliye na kishikwambi au simu husoma kurasa mbili, ujumbe ukaingia, Nguu za Jadi ikafungwa. Akikaa mlangoni penye jua, kioo humrudishia uso wake mwenyewe. Kindle ingefaa zaidi hapo: jua huifanya isomeke vyema, chaji yake hudumu wiki kadhaa na haina porojo. Kwa riwaya na tamthilia, basi, kura yetu ni kwa Kindle, bila kusita.

Ugumu huanza kwenye ushairi. Kindle haina ukurasa maalumu. Maneno hutiririka kulingana na upana wa kioo na ukubwa wa herufi aliouchagua msomaji. Chukua tarbia ya kawaida, mizani 16 kwa mshororo, 8 za ukwapi na 8 za utao. Kwenye kioo kidogo, herufi zikikuzwa, kila mshororo huvunjika. Ukivunjika panapo koma, kina cha kati hujitokeza mwishoni mwa mstari na ubeti huonekana una mishororo minane. Mwanafunzi anayehesabu kwa macho ataandika kwamba si tarbia, na atakuwa ameripoti kwa uaminifu kile alichokiona. Mwenzake aliyepunguza herufi ataona minne. Wote wawili wana kitabu kimoja.

Kishikwambi, kinapoonyesha ukurasa kama picha, hakina tatizo hili. Tena kinaweza kuionyesha ile miswada ya SOAS kwa rangi zake na kuikuza hadi nukta ya herufi ionekane, kazi ambayo Kindle ya kioo kidogo cheusi na cheupe huifanya kwa shida. Lakini uwezo huo huo una upande wake mbaya. Kurasa za vitabu teule zilizopigwa picha huzunguka katika makundi ya WhatsApp bila mwandishi wala mchapishaji kupata hata senti, na kila mwalimu anayesoma makala haya amewahi kutumiwa. Tusijifanye hatujui.

Dawa ya tarbia iliyovunjika ipo, na iko mikononi mwa mchapishaji: sehemu ya mshororo inayoanguka chini ijongezwe ndani, ili jicho litambue kwamba ni mwendelezo wala si mshororo mpya. Wachapishaji wa magazeti wamefanya hivyo kwa miaka mingi katika safu nyembamba za mashairi. Kwa upande wetu, tunapendekeza zoezi moja la kidato cha pili. Mwalimu asome ubeti wa tarbia kwa sauti, wanafunzi wakiwa wamefunga vitabu na kuzima vioo, nao wagonge dawati kila wasikiapo kina cha mwisho. Kisha awape ubeti huo huo katika vioo viwili vya upana tofauti na awaulize una mishororo mingapi, na wamejuaje.