Jensen FF na Citroën SM: magari yaliyowahi mno

Haya wasomaji, leo tuweke programu kando tuongee magari. Si Toyota zetu, bali yale ya Ulaya yaliyoundwa kwa safari ndefu za kasi, ambayo sasa wenye pesa huyanunua na kuyatunza kama vito. Ferrari mshazisikia za kutosha. Mimi nina mawili ambayo mafundi wake walijaribu kazi ya kompyuta kabla kompyuta haijaingia kwenye gari.

Jensen FF lilitoka Uingereza mwaka 1966. Injini ni V8 ya Chrysler, lita 6.3, na nguvu zake huenda kwenye magurudumu yote manne: asilimia 37 mbele, 63 nyuma. Audi Quattro, ambalo wengi hudhani ndilo lililoanza mambo haya, lilikuja 1980! Lakini breki ndizo zinazonishangaza. Jensen walichukua kifaa cha Dunlop Maxaret, kilichobuniwa kwa ajili ya ndege, ambacho huachia breki kidogo gurudumu linapogoma kuzunguka na kuanza kuteleza. Hakina chipu hata moja. Na kwa kuwa magurudumu yote yameunganishwa na giaboksi moja, kifaa kimoja kilitosha kuyachunga manne. Breki za namna hiyo za kielektroniki, za Bosch, ziliingia kwenye Mercedes-Benz mwaka 1978.

Yaliundwa 320 tu. Lilikuwa ghali, na mpangilio wa mitambo haukuruhusu usukani kuhamia kushoto, kwa hiyo soko la Marekani likawa limefungwa. (Kwa barabara za Kenya lingefaa kabisa.)

Citroën SM lilionyeshwa Geneva mwaka 1970. Citroën walikuwa wameinunua Maserati mwaka 1968, na huko ndiko ilikotoka injini ya V6 ya lita 2.7. Mengine yote ni mafuta yenye shinikizo: ndiyo yanayobeba gari badala ya springi, yanayobana breki na kusukuma usukani. Usukani wenyewe huzunguka mara mbili tu toka upande mmoja hadi mwingine, hujirudisha katikati hata gari likiwa limesimama, na huwa mzito kadiri mwendo unavyoongezeka. Msidhani ni gari la maonyesho tu, maana mwaka 1971 lilishinda mashindano ya Rally ya Morocco. Kisha mafuta yakapanda bei 1973, Citroën ikaishiwa na kuangukia mikononi mwa Peugeot, na SM likakoma 1975 baada ya magari 12,920.

Kwa hesabu ya uchache FF limeshinda. Lakini mtu anayetaka kuliendesha gari lake aangalie spea. Injini ya Chrysler haina shida, ila ile mitambo ya magurudumu ya mbele iliundwa kwa magari 320 basi. Ni kama programu iliyoandikwa na mtu mmoja akaondoka. SM lina ndugu: mfumo wake wa mafuta ni jamaa wa ule wa Citroën DS, yaliyouzwa zaidi ya milioni moja, na mafundi wanaoujua bado wapo.

Ningekuwa na pesa ningechukua SM. Udhaifu wake unajulikana, nao ni cheni ya taimingi: ikilegea na kukatika, injini imekwisha. Kabla ya kuuliza bei ningeuliza ilibadilishwa lini, na nani.