Sanduku Nyuma ya Dishi

Historia ya astronomia ya redio imezoea kuhesabiwa kwa madishi. Kuna lile la mita 9 alilolijenga Grote Reber nyumbani kwao Wheaton, Illinois, mwaka 1937. Lile la mita 76 la Jodrell Bank, Uingereza, la mwaka 1957. Na madishi 64 ya MeerKAT yaliyozinduliwa katika nyika ya Karoo, Afrika Kusini, mwaka 2018. Hesabu hiyo si ya uongo, ila inaacha nusu ya habari. Dishi hukusanya mawimbi tu. Kinachoyageuza kuwa maarifa ni mitambo iliyofichwa nyuma yake: kipokezi, kinasa, kikokotozi. Hiyo haipigwi picha. Hata hivyo, ukifuatilia mitambo hiyo badala ya madishi, utaona kwamba elimu hii ilipiga hatua zake ndefu pale sanduku la mmoja lilipofunguliwa likawa la wengi, na kwamba mara nyingi ilijikwaa pale kila kituo kilipojichongea chake.

Mfano wa kwanza ni wa mwaka 1951. Waholanzi walikuwa wamehangaika kwa miaka kuunasa mnong'ono wa haidrojeni iliyotapakaa angani, wenye urefu wa wimbi wa sentimita 21, na mwaka uliotangulia kipokezi chao kiliteketea kwa moto. Mwezi Machi, Harold Ewen na Edward Purcell wa Harvard waliunasa kabla yao. Wangeweza kukimbilia kuchapisha peke yao. Badala yake waliwaeleza Waholanzi mbinu waliyoitumia, wakawaarifu na Waaustralia, na kufikia Mei Waholanzi nao walikuwa wamesikia walichokuwa wakikitafuta. Taarifa za pande zote zilitoka pamoja katika jarida la Nature mwezi Septemba. Katika miaka iliyofuata Waholanzi na Waaustralia ndio waliochora ramani ya mikono ya galaksi yetu, na ramani hiyo ilitokana na siri ambayo Harvard hawakuifungia kabatini.

Mambo yalikuwa tofauti ilipoanza kazi ya kuunganisha darubini zilizo mbali mbali mwaka 1967. Wakanada walirekodi kwa mashine za studio za televisheni, Wamarekani kwa kanda za kompyuta, na baadaye Wajapani nao wakawa na mfumo wao. Darubini mbili zikitazama nyota ileile lakini zikarekodi kwa namna mbili, ni kama mashahidi wawili wasio na mkalimani. Ilichukua miongo kadhaa, pamoja na kusambaa kwa vinasa vya Mark vilivyobuniwa na kituo cha Haystack, Marekani, hadi vituo vya mabara mbalimbali vikasomana bila taabu kubwa.

Somo hilo ndilo lililofanyiwa kazi na ushirika wa CASPER, ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katikati ya miaka ya 2000. Zamani kikokotozi cha darubini kilijengwa kwa miaka mingi, kwa bodi zisizofaa mahali pengine popote, na kikikamilika chipu zake zilikuwa zimeshapitwa na wakati. CASPER waliamua bodi ziwe chache na za jumla, zitumie chipu zinazoweza kupangwa upya kwa programu, na zizungumze kupitia swichi za Etheneti zinazouzwa madukani. Michoro ya bodi na vipande vya programu vikawekwa wazi. Bodi iliyoitwa ROACH ilitokana na kazi ya pamoja ya Berkeley, kituo cha taifa cha Marekani cha astronomia ya redio, na wahandisi wa Afrika Kusini waliokuwa wakijiandaa kwa MeerKAT. Kwa hiyo Afrika hapa haikuwa imekaa kwenye foleni ya msaada; ilikuwa mezani, inachora.

Kuna wanaopinga, na hoja zao si nyepesi. Watasema Reber alifanya kazi peke yake, akaichora anga. Kweli, methali ya kidole kimoja na chawa haimhusu. Lakini Reber alikuwa na dishi moja na mawimbi yaliyoweza kuandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, si mafuriko ya data ya antena 64. Wengine watataja ALMA, darubini kubwa ya Chile, iliyotengenezewa chipu zake maalumu zinazotumia umeme vizuri kuliko bodi za jumla. Nalo ni kweli, ila ni ALMA, yenye bajeti ya mabara matatu. Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba uwazi wa CASPER una kizingiti: mchoro ni bure, lakini programu za kuuendesha ni za kampuni na zina leseni za kulipia. Hapo sina jibu la kuliondoa tatizo. Ninachosema ni kwamba kulipia leseni ni afadhali kuliko kulipia leseni na bado kuanza mchoro kutoka ukurasa mtupu.

Mwezi Aprili 2017 darubini za Hawaii, Arizona, Meksiko, Chile na Hispania zilielekezwa kwenye galaksi ya M87, na miaka miwili baadaye dunia ikaona picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi. Hapakuwa na dishi hata moja la Afrika. Lakini katika vituo vingi kati ya hivyo, mawimbi yalipita kwenye bodi ya ROACH2, toleo la pili la ile iliyochorwa kwa mikono ya Waafrika Kusini.